Dhahabu Isiyosalimia

Jumatatu, 3 Juni

Nimevaa makoti mawili na bado natetemeka. Ipogolo kuna baridi, ndiyo. Lakini hii si baridi. Ni hasira.

Mama ametoa uamuzi. Wageni wa Mbeya watafika Kalenga Jumamosi ya tarehe 15 kujitambulisha na kumwomba Anjela, binti wa marehemu kaka yangu Jailos. Msemaji wa ukoo atakuwa Clement. Clement! Mdogo wangu wa mwisho, niliyemfundisha kupenga kamasi. Mimi, Dastan Kalinga, miaka hamsini na nne, darasa la saba la zamani lile lililokuwa na masomo, nimewekwa pembeni kama kiti kilichokatika mguu.

Nimeuliza sababu. Mama ana miaka themanini na moja, wajukuu wanamwita Bibi Veneranda, na akisema jambo halirudiwi. Akanieleza kwa upole kwamba mara ya mwisho niliposimama mbele ya wakwe niliwasimulia jinsi nilivyoshusha lori mteremko wa Kitonga bila breki, rozari mkononi, nikibadili gia kwa mguu. Wageni wakaondoka kabla ya kula. Wali ukabaki. Nikamwambia waliondoka kwa mshangao.

Ni kweli kwenye lori lile nilikuwa utingo. Lakini dereva alikuwa anasinzia. Sasa aliyekuwa anashusha lori ni nani?

Clement anakaa Kihesa. Ana miwani ya kusomea. Ana simu pana kama kibao cha kusukumia chapati. Na ndiye admini wa kundi letu la wasapu, UKOO WA KALINGA UPENDO DAIMA, watu themanini na sita. Leo asubuhi kaandika kwa salamu ya kwetu: Kamwene ndugu zangu, tuamke na Bwana. Majibu thelathini na moja. Mioyo. Mikono ya kusali. Shemeji zangu wameandika AMINA kwa herufi kubwa, tena wengine mara mbili.

Nami nikaandika kisa cha Kitonga, sehemu ya kwanza, aya kumi na moja. Jibu moja. Kidole gumba. Cha mke wangu Lusia, na alikuwa amekaa hapo hapo jikoni.

Jumanne, 4 Juni

Jambo kubwa. Nilikuwa dukani (nauza vipuri vya malori, vingine vimetumika, vingine vimetumika sana) simu ikalia. Clement kwenye kundi. Ujumbe unasema: Pata Wasapu ya Dhahabu. Ona nani anakusema, nani anakusoma, nani amekufuta. Bonyeza hapa. Chini yake linki ya bluu.

Nani anakusema! Miaka yote nimehitaji kitu hiki na sikujua kinauzwa wapi.

Nikabonyeza. Dakika haijaisha, Clement akafuta ujumbe wake. Pakabaki maneno yale, kwamba ujumbe huu umefutwa. Nikacheka peke yangu mpaka mteja wa bolti akaniuliza kama naumwa. Clement namjua tangu hajaota meno. Alitaka kumtumia mtu wake mmoja, ukaponyoka ukaingia kwenye kundi, akashtuka, akakificha kizuri chake. Roho ya korosho. Alikuwa hivyo hivyo na mapera.

Amechelewa. Dhahabu imeshaingia kwangu. Imeuliza maswali kama karani wa sensa. Isome ujumbe wangu? Nikaruhusu. Ione majina yote? Nikaruhusu. Itume kwa niaba yangu? Nikaruhusu, nikabonyeza na mara ya pili ili iwe na uhakika. Mimi si mchoyo. Alama ya kijani ikageuka njano inayong'aa.

Bado haijanionyesha nani ananisema. Nadhani ni wengi, inawapanga.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka mtu mashuhuri.

Ujumbe mia na arobaini na mbili! Watu ambao hawakuniandikia tangu msiba wa Jailos. Binti wa shangazi aliyeko Songea ameandika asante baba, nimefungua, sasa nifanyeje? Mwenyekiti wa kwaya ameandika amepokea. Katekista ameuliza hii ni nini. Kabla sijatafuta miwani, simu ikamjibu yenyewe: Pata Wasapu ya Dhahabu. Katekista akaandika tena kwamba haelewi. Simu ikamjibu tena. Haichoki, hainywi chai. Mimi karani sijawahi kuwa naye, isipokuwa mwaka ule nilipokaribia kuwa meneja wa yadi Tunduma.

Nimeelewa utaratibu. Kila niliyenaye kwenye majina ametumiwa. Kila anayeniandikia anajibiwa. Hata fundi choo. Hata namba niliyoiandika USIPOKEE.

Nikalinganisha na Clement. Leo kaandika Zaburi nzima. Majibu tisa! Nikamwonyesha Lusia. Lusia akasema mtu akiuliza hii ni nini, hajakusifu. Hata mke anaweza kuingiwa na wivu.

Wapo waliokaidi. Hao nimewapigia mmoja mmoja kwa sauti ya ukubwa. Mtoto wa dada yangu, yule wa Mafinga, akajitetea kwamba kazini kwao wamefundishwa wasifungue linki wasizozijua. Nikamuuliza waliombeba mgongoni siku ana surua ni hao wa kazini au ni mimi. Nikamkumbusha kwamba kwetu mkubwa akikupa kitu hukigeuzi kuangalia kimetoka wapi. Unapokea kwa mikono miwili, unakunja goti kidogo, unashukuru. Halafu akasema sawa mjomba, nimefungua.

Hadi saa kumi jioni nimewarudisha kwenye adabu watu kumi na tisa.

Simu ina joto kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Baridi imekwisha kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo yameyumba kidogo. Bando limeisha mara tatu na sijagusa kitu. Simu imegoma. Ukiifungua inafikiri kama mzee anayetafuta jina la mjukuu.

Saa nne Anjela akaja dukani, macho mekundu. Anjela ni muuguzi kule Tosamaganga, mtoto mtulivu, hata kuku hamfokei. Akasimulia. Simu ya mama yake, shemeji yangu Severina, imetuma linki ile kwa mchumba mara arobaini. Mchumba ni Samwel wa Mbeya. Samwel akafungua, maana imetoka kwa mama mkwe, na nani atakataa kitu cha mama mkwe? Kutoka kwa Samwel ikaingia kwa mshenga wao, Mzee Isakwisa wa Uyole. Kutoka kwetu sote ikaendelea kumwagika kwa mzee yule yule. Sasa Mzee Isakwisa amezifungia namba zote za akina Kalinga. Samwel akimweleza, anamjibu kwamba hao watu wako tutawaangalia kwanza. Tarehe 15 huenda hawaji.

Anjela akaniuliza, bila ukali, kama najua linki ilianzia kwa nani. Nikasema dunia ya leo ina mambo.

"Baba angekuwepo," akasema, "angepanda basi akaenda mwenyewe."

Nikainama kutafuta bolti. Hakukuwa na mteja wa bolti.

Alipoondoka nikapeleka simu kwa Jackline, fundi simu mwenye kibanda kinachotazama barabara kuu. Binti mwenye kucha ndefu na bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Akaitazama, akaguna. Akasema baba hii si dhahabu wala bati, huu ni mnyoo. Mnyoo wa kompyuta. Kirusi cha kawaida kinangoja kubebwa, mnyoo unatembea wenyewe. Ukiingia ndani ya simu unasoma majina yote, unajituma kwa jina lako, na anayepokea anafungua kwa sababu ni wewe. Hautumii akili yake, akasema, unatumia heshima yako.

Nikamuuliza umewafikia wangapi kupitia kwangu. Akapiga hesabu ya kichwa. Wao na waliotumiwa na wao, pengine watu elfu.

Elfu! Nikaona aibu. Na nyuma ya aibu kikaja kitu kingine kidogo, kama fahari. Nikakimeza.

Akauliza nani alinitumia. Nikasema uliingia na upepo. Akafuta kila kitu kilichomo ndani ya simu. Kitonga sehemu ya kwanza hadi ya saba, zote zimekwenda.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri kutwa. Wateja wawili nimewauzia kipuri kisicho chao.

Kesho kuna kikao cha ukoo Kalenga kuhusu jambo hili. Nikisema niliuona mnyoo kwa Clement, itabidi niseme kwamba nilibonyeza. Nikisema nilibonyeza, watakumbuka zile simu kumi na tisa. Kwa hiyo hilo nimelifungia.

Lakini kundi lina admini. Admini ni nani? Sitasema uongo hata mmoja. Nitauliza swali tu, kama mtu anayependa kujua.

Jumamosi, 8 Juni

Kikao uani kwa Mama. Mama kwenye kiti, blanketi miguuni. Mahindi yameanikwa, tukakaa kwa kuyazunguka. Kila mtu ana la kulalamikia. Yule wa Mafinga ameitwa ofisini kujieleza. Akanitazama wakati anasema, mimi nikatazama mahindi.

Kisha nikauliza swali langu. Kundi hili, nikasema, hivi lina mlinzi?

Vichwa vyote vikamgeukia Clement. Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, polepole, kama anayefuta kioo cha gari. Akasema ni kweli, limetokea chini ya mikono yake, na si vizuri mtu mwenye doa na wakwe akawapokea wakwe. Hilo ni la zamani kwetu, tangu babu. Akaomba usemaji apewe mwingine.

Mama akamtazama Clement muda mrefu. Halafu akanitazama mimi muda mrefu zaidi. Akashusha pumzi mara tatu, nilihesabu. Akasema basi, Dastan.

Nimeshinda! Bila kupigana!

Tena nikaongezewa kazi. Kwa kuwa Mbeya hawasikii simu ya Kalinga yeyote, wasikie mdomo. Jumatatu nipande basi niende kwa Mzee Isakwisa mwenyewe. Wakati naaga Mama akanishika mkono.

"Ukifika, salimia," akasema. "Ukishasalimia nyamaza mpaka uulizwe."

Jambo moja tu limeniharibia siku. Clement alipojiuzulu, akina mama walimwonea huruma wakampelekea chai. Mimi nimepewa kiti, yeye kapewa chai. Chai ya maziwa. Na andazi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimevaa koti la Jailos. Shemeji Severina alinipa mwenyewe. Mabega yananizidi kidogo ila kwa mbali hayaonekani.

Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Nilikaa na mama mmoja wa Tukuyu, nikamwomba anifundishe salamu ya kwao, nikairudia njia nzima. Mugonile, mugonile. Pale Igawa akahama siti.

Mzee Isakwisa nilimkuta ametoka kwenye viazi, buti za mpira miguuni. Mrefu. Anaongea kama mtu anayehesabu mbegu. Nikapiga shikamoo, nikapiga mugonile, nikapiga na kamwene ili kusiwe na pengo. Akafurahi. Nikaletewa maji, kisha ndizi za nyama na maziwa mgando. Nikanyamaza kama Mama alivyoagiza.

Dakika nne hivi. Halafu kimya kikawa kizito nikamsimulia Kitonga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza gia iliyobadilishwa kwa mguu ilikuwa ya ngapi. Nikasema ya tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo akasema la moyoni. Nilitegemea atalalamika kuhusu wizi, uchawi, matapeli. Hapana. Akasema simu huugua kama ng'ombe wanavyougua, hilo halimkasirishi. Akatoa simu yake ya zamani, akaiweka juu ya meza.

"Ujumbe mia na kumi, mkwe," akasema. "Kutoka kwa watu tunaotaka kuchukua mtoto wao. Nimesoma wote. Salamu hata moja hamna."

Nikanywa maziwa.

Akasema mtu akiingia kwako mara mia na kumi bila hodi, mara ya mia na kumi na moja utamfungulia mlango kwa moyo gani? Akamtuma mtu kumwita Samwel na wazee wengine wawili, wakateta kidogo nje. Wakarudi na uamuzi. Watakuja Jumamosi. Faini hawataki. Lakini aliyeanza atasimama kabla ya sala, kabla ya msemaji, na kuwasalimia wageni wote, mmoja mmoja, kwa mkono. Akimaliza, yameisha, hakuna atakayelitaja tena.

Akaniuliza kama mtu huyo tunamjua. Nikasema tunamchunguza.

Nikaazima simu ya Samwel nikampigia Anjela. Nikamwambia wanakuja. Nikasikia anavuta kamasi tu, halafu akaniambia asante baba mdogo, umefanya kama baba. Nimekaa nje ya nyumba ya watu muda mrefu, koti la Jailos likinibana shingoni. Sijui kwa nini, mbona ni pana.

Alhamisi, 13 Juni

Sharti la Mbeya nimelifikisha kwa Mama. Swali likawa nani atasimama. Nikajiandaa kuugua tumbo. Lakini Clement kapiga simu kabla sijaugua. Atasimama yeye.

Vizuri sana. Yeye asalimie, mimi nihutubie. Kila mtu na saizi yake.

Hotuba imefika kurasa kumi na sita za daftari. Kuna ukoo, kuna vita vya zamani ambavyo babu alishiriki (alikuwa mpishi, ila mpishi wa karibu), kuna Kitonga na nyongeza mpya ya chui. Lusia akaisoma, akakata kurasa kumi na nne kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Baba, waambie karibuni, waambie tumewasikia, kaa chini. Mtoto ataolewa."

Nimezirudisha zote. Amekata hata chui.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika mkono unauma. Sababu itaonekana.

Asubuhi ilianza vizuri. Wageni ishirini na wawili, magari mawili, mikungu ya ndizi imefungwa juu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha msemaji, kiti cha Jailos chenye mikono, hotuba mfukoni. Anjela ndani na shangazi zake, anachungulia kupitia pazia. Kila nikigeuka naona jicho lake moja.

Clement akasimama. Nilitegemea atasema mimi admini, samahani, aanze kushika mikono. Hakufanya hivyo.

Akasema hasimami kwa sababu ni admini. Anasimama kwa sababu ni yeye aliyeanza. Jumanne ile, saa tano kasorobo, alitumiwa linki na mtu asiyemjua. Akaifungua. Ikajirusha yenyewe kwenye kundi, akaifuta, akakimbilia kwa fundi mjini, akadhani ameiwahi. Tangu hapo hajalala vizuri.

Mzee Isakwisa akamuuliza mtu msomi kama yeye alifungua kwa nini.

"Iliniambia itanionyesha nani ananisema," Clement akajibu. "Nilitaka kujua kama kaka Dastan ananisema."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kumpenda mtu. Akapita akishika mikono. Kamwene mama. Kamwene mzee. Ishirini na wawili. Bibi mmoja wa Mbeya akamshika uso kwa mikono miwili. Severina analia. Mtu nyuma yangu akasema mwanamume ni huyu. Wapiga picha wa simu wakasimama wote, hata wale wa jikoni wakatoka na miko yao. Mzee Isakwisa akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akasema huyu akae hapa karibu nami.

Na mimi je? Nimekaa kwenye kiti cha mikono na hakuna anayenitazama. Hata kuku.

Saa tano kasorobo. Mimi nilibonyeza saa tano. Robo saa! Hata kwenye balaa amenitangulia robo saa. Na kafanya nini na robo saa yake? Kafuta! Kapona siku hiyo hiyo! Wa kwake hawafiki hata kumi. Halafu anashikwa uso na mabibi.

Nilijiambia kaa, Dastan. Zamu yako inakuja. Nilijiambia kabisa.

Nikajikuta nimesimama.

Nikasema samahani wakwe, Clement anajipa makubwa. Yeye aliuangusha tu. Aliyeubeba ni mimi. Songea ni mimi. Mafinga ni mimi. Mbeya mnayoiona ni mimi, kupitia shemeji Severina ambaye aliyempigia simu kumsihi afungue ni mimi. Watu kumi na tisa niliwapigia kwa mdomo wangu. Watu elfu, nikasema, na kama kuna mwenye shaka fundi Jackline wa Ipogolo ni shahidi.

Mahindi yakasikika yakikauka.

Anjela akatoka nyuma ya pazia, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa.

"Baba mdogo," akasema, "si ulikuwa umeshakaa kwenye kiti."

Mama hakupaza sauti. Akasema Dastan, toka hapo. Mwenye doa na wakwe hapokei wakwe. Na Clement, kwa kuwa ameshasalimia mikono yote ishirini na miwili, doa lake limeisha mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo yuko safi. Kwa hiyo kiti ni cha nani?

Clement alihutubia dakika tano. Karibuni, tumewasikia, akakaa. Wakashangilia. Harusi Septemba. Anjela alicheka mpaka akashika ukuta, na shangazi zake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi. Ya kweli. Kwa Anjela tu.

Kisha nikaitwa kusalimia. Mmoja mmoja, kwa mkono. Wa mwisho alikuwa Mzee Isakwisa. Akaushika mkono wangu, hakuuachia.

"Mkwe," akasema, "na gia ya nne ulibadilisha kwa kitu gani?"

Wageni wote walikijua kisa. Aliwasimulia ndani ya gari, tangu Uyole hadi Kalenga. Walicheka mpaka machozi. Nimekula na watoto.

Jumapili, 16 Juni

Nimepumzika nikatazama mambo kwa utulivu.

Kwanza. Clement alisalimia ishirini na wawili. Mimi nilisalimia ishirini na wawili na madereva wawili waliokuwa wamebaki kwenye magari. Ishirini na wanne. Hili hakuna aliyeliandika popote.

Pili. Kisa changu kimesafiri kutoka Mbeya hadi Iringa kwa gari, bila simu. Mnyoo gani umeweza hilo?

Tatu. Anjela ameshukuru kwenye kundi baba zake wadogo wote wawili. Jina langu ni la pili. Clement ameweka picha ya jana, mioyo sitini na mbili mpaka sasa. Mimi nimo. Kiwiko.

Saa tisa hivi ujumbe umeingia. Namba ngeni, inaanza kwa tarakimu ambazo sijawahi kuziona, mtu wa mbali. Pata Wasapu ya Almasi. Ona nani anakupenda kuliko wanavyompenda ndugu yako. Linki ya bluu.

Nilicheka. Mimi si mtoto. Nimeumwa mara moja, nimejifunza, na nilichojifunza nimekiandika hapa ili wajukuu wasome. Kosa halikuwa linki. Mzee Isakwisa alisema mwenyewe, mbele ya maziwa: salamu hata moja hamna. Hilo ndilo lililotaka kumvunjia Anjela uchumba wake.

Nikamtuma Lusia ampigie mke wa Clement, aulize kijanja kama Clement ametumiwa chochote leo. Lusia akauliza kwa nini. Nikasema mapenzi ya kindugu. Akapiga. Hajatumiwa. Hana habari.

Saa tisa na robo nimebonyeza. Nimeruhusu yote. Na safari hii sikuiachia simu ianze yenyewe bila adabu, wa kwanza, Mzee Isakwisa, ambaye jana ameshatufungulia namba zetu, nimemwandikia kwa mkono wangu, polepole, miwani puani:

Shikamoo mkwe. Kamwene na mugonile. Habari za Uyole, za viazi, za mama na watoto? Sisi wazima, mikono inauma kidogo. Linki iko hapo chini. Pokea kwa mikono miwili.